Kumjengea kijana kujiamini na uongozi: mwongozo wa kuanzisha na kuendesha kikundi cha mtaa, Mwanza na kando ya ziwa

Panda kilima chochote cha Mabatini au Igogo asubuhi ya siku ya shule, hutakosa kumkuta kijana wa miaka 14 ameketi kwenye rundo la mawe, nyundo mkononi, anaponda kokoto. Muulize jina lake, atakujibu kwa sauti ya chini huku anatazama vidole vya miguu. Sasa muulize jiwe lipi linapasuka vizuri na lipi linarudisha nyundo, ndoo moja inajaa kwa muda gani, fundi yupi analipa siku hiyo hiyo na yupi anakuzungusha wiki nzima. Atafikiri kidogo, atanyanyua uso, na kabla hujamaliza swali la tatu atakuwa ameshika jiwe anakuonyesha.

Kijana yule yule, dakika tano tofauti. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya tofauti hiyo. Kijana hawi na kujiamini kwa kuambiwa "jiamini". Anajiamini akikabidhiwa jambo la kweli, akalifanya hadi mwisho, na watu wakaona kwamba limefanyika. Uongozi ni hivyo hivyo. Kazi ya mtu mzima ni kupanga majukumu hayo yawe ya kweli, yawe salama, na yapande ngazi kwa ngazi.

Ninayoeleza hapa nimeyafanya na vikundi vya vijana wa miaka 13 hadi 18 mjini Mwanza na kwenye vijiji vya mwaloni, yaani ufukweni mwa Ziwa Victoria wanakoshushia samaki. Huhitaji kuwa na shirika. Unahitaji mwenzako mmoja, daftari, kivuli cha kukaa, na uwezo wa kufika kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Kama hiyo ya mwisho huna uhakika nayo, usianze. Wengi wa vijana hawa wameshaachwa na watu wazima wengi, na kuachwa na wewe kutawaongezea kidonda.

Hatua ya kwanza: bisha hodi, kisha weka ulinzi

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake. Waandikie barua fupi inayosema wewe ni nani, unataka kukaa na vijana wa umri gani, wapi, siku gani na saa ngapi. Nakala ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usione ni urasimu. Siku mzazi atakapouliza "huyu anayewakusanya watoto wetu ni nani?", mwenyekiti atakuwa na jibu. Na wakati wa mradi, utawahitaji watu hawa hawa.

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ana ndevu na analisha wadogo zake. Kwa hiyo weka masharti haya kabla ya mkutano wa kwanza, na wasomee vijana wenyewe wayajue: watu wazima mnakuwa wawili daima, mwanamke na mwanamume, hakuna mtu mzima anayebaki na kijana mmoja ndani ya chumba kilichofungwa, hakuna kijana anayetumwa nyumbani kwa kiongozi, hakuna meseji za faragha usiku, kikao kinaisha mapema kiasi kwamba kila mtu anafika kwao jua halijazama.

Itafika siku kijana atakunong'oneza jambo zito: anapigwa, anaguswa, anataka kuozeshwa. Msikilize bila kumkatisha. Usimwahidi kwamba itabaki siri, maana hutaweza kuitunza ahadi hiyo. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Nitamwambia mtu anayeweza kukusaidia tu, si watu wengine." Siku hiyo hiyo nenda ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo. Usiende kumkabili mtuhumiwa mwenyewe. Ukifanya hivyo, kijana ndiye atakayelipa.

Hatua ya pili: wafuate walipo

Ukibandika tangazo, watakuja wale ambao tayari wanajiamini. Unaowatafuta wako kwenye mwalo wa Kirumba wanaanika dagaa na kupara samaki, wako Makoroboi wanatembeza bidhaa, wako gereji, wako nyuma ya mageti wanaosha vyombo. Wasichana wa kazi za ndani, wengi wameletwa mjini kutoka visiwani na vijijini, ndio wagumu kuwafikia kuliko wote. Kwa hao itabidi uzungumze na mama mwenye nyumba, kwa heshima na kwa uvumilivu, mara mbili au tatu, hadi akubali saa mbili za Jumamosi.

Kuna kundi jingine ambalo watu hulisahau: waliomaliza darasa la saba. Mtihani unafanyika Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Miezi hiyo hapo katikati ndiyo kijana anapozoea hela ya mwaloni na msichana anapopelekwa mjini "kusaidia shangazi". Kama unatafuta mwezi mzuri wa kuanza kikundi, anza Septemba hiyo, wiki ya pili baada ya mtihani.

Usichague vijana kumi na sita mwenyewe. Tafuta wanne wasiojuana sana, halafu mwambie kila mmoja alete watatu. Watakaoletwa watakuwa wenzao wa kweli, wakiwemo ambao wewe usingewachagua kamwe. Vijana 16 wanatosha. Wakizidi 20, wanyamavu wanapata pa kujificha.

Hatua ya tatu: saa, mahali na uji

Vijana wa dagaa wanaishi kwa mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Ukiwa kijiji cha mwaloni, vikao virefu na safari zipange kwenye mbalamwezi, na wakati wa giza ridhika na kikao kifupi cha alasiri. Niliwahi kulaumu kikundi kizima cha kando ya ziwa kwa utoro kabla mama mmoja hajaniuliza kama huwa naangalia juu usiku.

Mahali pazuri ni darasa la shule ya msingi siku ya Jumamosi, au chini ya mwembe ulio wazi kwa wapita njia. Ufukweni pana upepo mzuri, lakini usiwaruhusu waingie majini mkiwa pamoja: kuna kichocho, na wengi hawajui kuogelea hata kama wamezaliwa hapo.

Kuhusu uji sitaki kupunguza maneno. Kijana mwenye njaa hajifunzi kuongoza chochote. Kilo moja ya unga inatoa vikombe ishirini vizuri. Ongeza sukari na kuni, umemaliza. Uji unapikwa na vijana wenyewe kwa zamu, wavulana na wasichana sawasawa, na mgawaji ndiye anayekunywa wa mwisho. Hilo la mwisho lisimamie bila kulegeza. Ni somo la uongozi ambalo halihitaji ubao.

Hatua ya nne: vikao vitatu vya mwanzo

Usihutubie. Kama una hotuba nzuri kuhusu ndoto na malengo, iache nyumbani. Kikao cha kwanza ni majina, michezo, uji na kupanga sheria. Sheria wazitunge wao, ziwe tano au sita, ziandikwe kwa mwandiko wao. Wewe una kura moja ya kukataa, na itumie tu kwa adhabu za viboko na faini wasizoziweza, maana utashangaa jinsi watoto waliopigwa sana wanavyopendekeza fimbo.

Lugha iwe ile inayowatoka. Kama wawili wanaelewana kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita, waache. Nimeona wasichana wengi walioitwa bubu darasani ambao walikuwa wanaogopa tu kuchekwa Kiswahili chao.

Jambo jingine la vikao hivi ni maneno yako wewe. Mbele yao usitamke kamwe "watoto wa mazingira magumu", "wasiojiweza" wala "waathirika". Hayo ni maneno ya ripoti. Kijana akijisikia anaitwa hivyo mbele ya wenzake, anavaa jina hilo kama fulana. Waite wanakikundi, na waite kwa majina yao.

Hatua ya tano: ngazi ya kusema

Hapa kaa muda mrefu, miezi miwili ikibidi. Kusimama na kusema mbele ya watu ndicho kitu wanachokiogopa kuliko vyote, na ndicho kinachobadilisha mambo haraka kuliko vyote kikipandwa polepole. Makosa ya kawaida ni kumsimamisha kijana siku ya pili na kumwambia "jitambulishe". Anaona aibu, wenzake wanacheka, na kile ulichokuja kukijenga umekibomoa.

Kwanza, wawili wawili. Kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja alilolifanya wiki hiyo. Hakuna anayesikiliza zaidi ya mwenzake. Wiki inayofuata kila mmoja anamtambulisha mwenzake mbele ya wote, si yeye mwenyewe. Kumsemea mwingine ni rahisi kuliko kujisemea, na anayesemewa anasikia, labda kwa mara ya kwanza, sifa zake zikitajwa hadharani.

Kisha ile ngazi ninayoipenda: kila mmoja afundishe kitu ambacho mikono yake inakijua, akiwa ameshika kifaa chake. Kushona wavu. Kusuka nywele. Kuziba pancha. Kupima karanga kwenye kikopo usipate hasara. Kifaa kinampa macho pa kutazama na mikono pa kushika, na maneno yanafuata yenyewe.

Nakumbuka kijana mmoja wa mwaloni, mpole kiasi kwamba wiki tano sikuwa nimesikia sentensi yake nzima. Zamu yake ilipofika alikuja na mafungu mawili ya dagaa kwenye mfuko wa rambo. Akayamwaga kwenye gazeti. Akachukua mmoja wa fungu la kwanza, akamvunja kati, tukasikia "ta". "Huyu kakauka juu ya chanja," akasema. Akampa jirani yake wa fungu la pili. "Huyu wa mchanga. Hata hujamtafuna, unamsikia kwenye meno. Mnunuzi wa mbali akionja huyu, bei imeshuka." Kisha akaeleza mvua ikikuta dagaa bado mbichi nini kinatokea, na gunia lililowahi kufungwa na unyevu linavyonuka siku ya tatu. Maswali yakaja mfululizo. Alikaa chini baada ya dakika kumi na mbili. Sikumsifu kwa kusema vizuri. Nilimuuliza swali jingine kuhusu chanja, kwa sababu kweli nilitaka kujua, na nadhani hilo ndilo alilolihitaji.

Baada ya hapo fanyia kazi sauti, na Mwanza tumejaliwa vifaa vya bure. Tafuta miamba miwili iliyoachana hatua ishirini hivi, ambayo kupanda kwake hakuna hatari. Mmoja asimame huku, mwenzake kule, wazungumze bila kupiga kelele: sauti itoke tumboni, maneno yatamkwe hadi herufi ya mwisho. Mwenye kusikia arudie alichosikia. Mwanzoni wanacheka sana. Waache wacheke. Baada ya Jumamosi tatu utaona hata ndani ya darasa wanaongea wakitazama mtu wa nyuma kabisa.

Ngazi ya mwisho ni kusema mbele ya wakubwa. Hapa uwe mwangalifu, kwa sababu kijana wetu amefundishwa tangu utoto kwamba mtoto hachangii wakubwa wanapoongea. Usimfundishe kudharau mila hiyo. Mfundishe mlango wake. Salamu kwanza, kuomba nafasi, jina na mtaa, jambo lenyewe, sababu moja tu, ombi moja tu, shukrani. Mfano tunaoufanyia mazoezi ni huu:

"Shikamooni wazee wetu. Naomba nafasi niseme. Naitwa fulani, nakaa huku juu karibu na tangi. Njia ya kushuka bombani inateleza wakati wa mvua, na wiki iliyopita mama mjamzito aliangukia ndoo. Tunaomba mtaa utupatie fundi mmoja wa siku mbili, sisi tutaleta mchanga. Asanteni kwa kunisikiliza."

Nusu dakika. Hakuna mzee atakayeona amevunjiwa heshima, na jambo limesemwa lote. Sheria ya Mtoto yenyewe inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, lakini sijawahi kuona kifungu kikifungua mlango uliofungwa haraka kama "shikamoo" iliyotoka kwa mtu anayekutazama usoni.

Hatua ya sita: vyeo vyenye kazi ndani yake

Vikundi vingi vinaanza kwa kuchagua mwenyekiti, katibu na mhazini, halafu vyeo vinakaa bure huku mtu mzima akifanya kila kitu. Fanya kinyume. Orodhesha kazi zote unazozifanya wewe: kufungua darasa, kuita majina, kupima unga, kutunza muda, kusuluhisha ugomvi, kumfuata asiyefika, kuandika kilichoamuliwa. Kisha ziondoe mikononi mwako moja baada ya nyingine, kila kazi kwa kijana mmoja kwa wiki nne, halafu inahamia kwa mwingine.

Anza na funguo. Mkabidhi ufunguo wa darasa kijana ambaye hakuna aliyewahi kumwamini na kitu. Mwenzako mtu mzima awe na ufunguo wa akiba, lakini asiutaje. Siku atakayochelewa, wote mtasimama nje juani mkimsubiri. Msimkaripie. Atakuwa ameshajua, kuliko maneno yoyote, kwamba yeye akikosekana pana pengo.

Kazi ya kumfuata asiyefika ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo inayozaa viongozi. Wanakwenda wawili, mchana, wanasalimia nyumbani, wanauliza tu "tumekukosa, kuna nini?", wanarudi na taarifa. Vijana waliofanya kazi hii kwa mwezi mmoja hubadilika namna wanavyosikiliza.

Wasukuma wana cheo cha zamani kiitwacho nsumba ntale, mkuu wa vijana wa kijiji. Vijana wenyewe ndio waliomchagua, naye ndiye aliyewaita na kuwapanga kwenye kazi za pamoja za shambani, wakilima kwa mdundo wa ngoma. Ngoma ya bugobogobo, ile ya majembe yanayorushwa na kudakwa, imetoka huko. Wasimulieni vijana habari hii, au bora zaidi mualikeni mzee wa mtaani aisimulie, na siku mkipata nauli wapelekeni Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Kijana anayedhani uongozi ni suti na gari anashtuka kusikia kwamba babu zake walimpima kiongozi kwa kumwona analima mstari wa mbele. Baada ya miezi minne au mitano, wachague wao mkuu wao kwa kura ya siri, kwa muda wa miezi mitatu tu, asirudie.

Hatua ya saba: sanduku la funguo tatu

Fedha kidogo wanazozitunza wenyewe zinafundisha uaminifu kuliko semina. Chukua mfumo ambao mama zao wanaujua kwenye vikundi vya hisa na VICOBA: sanduku moja, kufuli tatu, watunza funguo watatu, na mwingine wa nne akikaa na sanduku lenyewe. Mchango uwe mdogo ambao maskini kuliko wote anaumudu, shilingi 200 kwa wiki kwa mfano, na asiye nayo asiaibishwe. Alipe kwa zamu ya kuosha vikombe. Fedha zihesabiwe kwa sauti mwanzo na mwisho wa kikao, kila mtu akikariri jumla.

Sanduku hilo nililijua kwa machungu. Kikundi changu cha kwanza nilimpa kijana mmoja atunze fedha peke yake, kwenye kopo. Zilipopungua nilimuuliza mbele ya wote. Alinyamaza, akatoka, hakurudi tena. Baadaye nilielewa kwamba nyumbani kwao watu sita walilala chumba kimoja na kopo lilikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa nimempa mzigo ambao mtu mzima asingeubeba, kisha nikamhukumu hadharani. Hadi leo nikipita mtaa ule namtafuta kwa macho. Kwa hiyo: jukumu la fedha kamwe lisiwe la mtu mmoja, na kosa la fedha kamwe lisiulizwe mbele ya umati.

Hatua ya nane: mradi mmoja ambao mtaa utauona

Kufikia mwezi wa sita wawe tayari. Mradi uwe mdogo, uishe ndani ya wiki sita hadi nane, na ubaki unaonekana. Wapeleke watembee mtaa wao kwa saa moja bila wewe kusema neno, kila mmoja akiandika au kuchora vitu vitatu vinavyomkera. Rudini, bandikeni ukutani, pigeni kura. Usiwasukume kwenye mradi unaoupenda wewe. Kikundi kimoja nilitaka wafanye usafi kando ya Mto Mirongo. Wao wakachagua njia ya mlimani, ile inayoteleza. Walikuwa sahihi, kwa sababu wanaoipita kila siku na ndoo kichwani ni wao.

Waliipima njia kwa kamba. Yule wa kokoto, ambaye hesabu za shule zilimshinda, ndiye aliyesema ngazi zitakuwa ngapi na kila moja inataka ndoo ngapi za mchanga, na fundi alipokuja akakubaliana naye akaongeza mbili tu. Wasichana wawili walikwenda ofisi ya mtaa kuomba saruji. Mara ya kwanza waliambiwa waje kesho. Ya pili, kesho tena. Waliporudi wamenuna, hatukuwapeleka sisi. Tulikaa tukauliza: nani anahudhuria mkutano wa mtaa? Ni lini? Nani anaandika ajenda? Wakaomba ajenda, wakasimama na ile nusu dakika yao, na saruji ikachangwa pale pale na wapangaji na mwenye duka. Mwenyekiti akaahidi fundi mbele ya watu, naye akaleta.

Mambo ya hatari wafanye watu wazima. Sheria inataja kazi za machimbo na za kubeba mizigo mizito miongoni mwa zilizo hatari kwa mtoto, na kikundi chako kisiwe mahali pengine pa kuwachosha migongo. Mawe makubwa yabebwe na fundi na wasaidizi wake. Vijana wabebe ndoo ndogo za mchanga, wapime, waandike, wasimamie foleni ya njia wakati kazi inaendelea. Mwisho wasiwe na sherehe ya mgeni rasmi. Waache wakae pembeni jioni moja watazame watu wakipita.

Mradi ukikwama, usiukimbilie. Kaa nao, jiulizeni maswali matatu: tulipanga nini, kilitokea nini, tunabadilisha nini. Kijana wa kipato cha chini amezoea kwamba kitu kikiharibika mtu anapigwa. Kuona kitu kimeharibika na watu wamekaa wanakichambua kwa utulivu, kwake ni jambo jipya kabisa.

Wasichana

Bila mpango maalumu, wasichana watapika uji na wavulana wataongoza. Zamu ziandikwe. Wape nusu saa yao kila kikao pamoja na mama mlezi, bila mwanamume kusikia: hedhi, usalama, wanaume wanaotoa lifti za boda na chipsi na samaki halafu wanadai. Weka taulo za kike kwenye kabati lisiloulizwa maswali. Na aliyejifungua asiachwe nje. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Kamata mkono wake umpeleke kwa mkuu wa shule, na wakati anasubiri aje kikaoni na mtoto wake.

Wazazi na picha

Mtembelee kila mzazi au mlezi walau mara moja, ukiwa na habari njema kuhusu mwanawe. Wengi wao hawajawahi kuitwa isipokuwa kwa kesi.

Kuhusu picha: usimpige kijana akiwa anakunywa uji, akiwa na nguo iliyochanika, au akilia. Usirushe sura yake mtandaoni ili upate mchango. Kama lazima pawe na picha, ipigwe na wao, ya kazi yao: ngazi, chanja, daftari.

Utajuaje kwamba inafanya kazi

Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kijana na kila mwezi andika mistari mitatu. Anatazama wapi anapoongea? Ameomba nini mwezi huu? Amekataa nini? Hilo la tatu ndilo ninalolisubiri zaidi. Kijana anayeweza kukuambia wewe, mtu mzima uliyempa uji, "hapana, Jumamosi hii siwezi" au "mwalimu, hapo umetuonea", ameshavuka. Usimnunie. Uandike tarehe.

Wanapofika miaka 18

Baada ya mwaka, wakubwa waanzishe kikundi kidogo cha wadogo zao. Wewe kaa nyuma, na kabla ya kuingilia kati hesabu moja hadi kumi. Wanaotimiza miaka 18 wasaidie kufuata kitambulisho cha taifa, waonyeshe fomu za VETA pale Nyakato, na waeleze kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Walioshika sanduku la funguo tatu hawaanzii sifuri kwenye katiba ya kikundi na daftari la hesabu.

Na mwandikie kila mmoja barua ya utambulisho. Usiandike "ni kijana mwadilifu na mchapakazi", hayo huandikwa kwa kila mtu. Andika alichofanya: alitunza ufunguo mmoja wa sanduku kwa miezi minane na hesabu haikupishana hata mara moja, alipima njia ya ngazi na kukadiria mchanga, alimfuata mwenzake aliyekuwa haji vikaoni, mara tatu, hadi akarudi. Msomee kabla ya kuweka sahihi, umuulize kama kuna kilichokosewa. Wengi huomba uwasomee mara ya pili.